Alilosema Baba Yako Kuhusu Jina la Malo

Ghubra,
Maskati, Oman.
9 Oktoba 2004

Mpendwa binti yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na mumeo Erwan, na mtoto ameshaanza kukaa mwenyewe. Huko Saint-Malo baridi imeanza, nadhani. Huku joto limepungua kidogo, na Ramadhani imebaki siku chache. Mimi mzima, isipokuwa goti. Mama yako Jawaher anakula kidogo na hataki kuulizwa.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza jambo moja: kabla ya kufa, baba yako alilikubali jina la Malo, au alilikataa? Umesema kama alilikataa utambadilisha mtoto, aitwe Said. Na umenitaka nisikupambie.

Mama yako ana rai nyingine. "Mwandikie alikubali, shemegi, ukomee hapo. Aliyekufa hatakuja kukukanusha." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Wewe na ukweli wako mtazikwa kaburi moja," akaondoka na chai yake.

Mwezi wa Machi uliniandikia kwamba kwao Erwan wana desturi kama yetu: mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la mzee aliyefariki. Baba yake aliitwa Malo, basi mtoto angeitwa Malo. Uliniomba nimwambie baba yako Harub taratibu, kwa kuwa ni kaka yangu na hunisikiliza. Niliahirisha.

Mtoto akazaliwa tarehe 2 Aprili. Harub alipopigiwa simu aliuliza ni mwanamume au mwanamke, basi. Jina hakuuliza, kwetu haliulizwi. Siku ya kumi na nne alichinja mbuzi wawili Qurayyat, na mbele ya watu zaidi ya arubaini akatangaza kuwa akika hiyo ni ya mjukuu wake Said, jina la baba yetu. Nilikuwepo. Nilikula. Barua yako ya Machi nilikuwa nayo kwa wiki tatu.

Ilipofika mwisho wa Agosti figo zake zilikuwa zimeshashindwa, na daktari alitupa wiki, si miezi. Tarehe 30, aliporudi kutoka kusafishwa damu, nikamwambia. Mama yako alikuwepo chumbani. Harub akaanza kuuliza kama alivyokuwa akiuliza miaka yake ya forodhani.

"Malo ndiye nani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Khawla wa ofisini kwetu, anayejua Kifaransa, alinisomea ensaiklopidia. Nikamwambia ni mtawa wa Kinasara wa karne ya sita, inasemekana alitoka Wales, akavuka bahari, akawa askofu, na mji ukabaki na jina lake. Maana ya jina haina uhakika. Wapo wataalamu wanaoona humo maneno mawili ya Kibretoni cha kale, dhamana na mwanga.

"Na wenyewe wanalitumiaje? Wanamwomba?"

"Wapo. Wengi wanapewa tu, kama sisi na Khamis. Nani anaikumbuka Alhamisi?" Nikaongeza kwamba kwa sababu ya mabaharia wa mji huo, viko visiwa kusini mwa Atlantiki ambavyo Wafaransa huviita Malouines na Waspanyola Malvinas.

"Vile vya vita ya Waingereza ya themanini na mbili?"

"Vile vile."

"Basi jina limetembea." Akacheka mpaka akakohoa. "Mtawa kavuka bahari. Na sisi je, hatukuvuka? Likae. Ila akija hapa mimi ntamwita Said, na ataitika."

Hiyo ndiyo kauli yake juu ya jina, neno kwa neno. Hapo ndipo mama yako alipotaka nikomee.

Baada ya hapo aliuliza, "Kheiria alikwambia lini?"

"Machi."

"Kabla ya akika?"

"Kabla."

"Na ukala?"

"Nilikula."

Akageukia ukutani. "Mmenisimamisha mbele ya watu, nnatangaza mtoto asiyekuwepo. Mmenicheka. Simtaki hata mmoja hapa. Si wewe, si yeye."

Yeye ni wewe. Nilimweleza kwamba uliniomba nimwambie mapema, kwamba kosa ni langu peke yangu. Nilirudia mara mbili. Tangu siku ile hakunijibu tena. Nilikuja kila siku, nikakaa sebuleni. Alifariki tarehe 21 Septemba baada ya alfajiri, bila kukutaja.

Erwan alisilimu mikononi mwake, na huyo aliendelea kumtaja kwa heri. Lakini wewe, hapana.

Kwa hiyo jina la mtoto usiliguse. Halikumuudhi. Kumwita Said sasa hakutatengeneza kitu, na mtoto hana deni na mtu.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Tarehe 12 Septemba ulipiga simu, ukaambiwa baba amelala. Alikuwa macho. Mimi ndiye niliyepokea, na kabla ya kukujibu niliingia kumuuliza kama atasema nawe. Akageukia ukutani.

Yaarub na Nasriya wanakusalimu, na Shaikha anaomba picha ya mtoto. Msalimie Erwan. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yangu, na akulindieni Malo katika afya na dini.

Mimi ami yako, mwenye kukupenda,
Yaqdhan