Kisima Kiliponong'ona Jina Langu Tu

Kilima cha Mialoni,
Mwezi wa kwanza wa baridi.

Mpendwa mdogo wangu Katuaro,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko kwenye mto mkubwa, ambako Warumi wamekupeleka kulinda mpaka wao? Kifua chako je? Muuza chumvi aliniambia umeoa na una mtoto. Nilifurahi hadi nikakosa usingizi. Mimi sijambo, ila goti linaniuma mvua ikinyesha, na hapa unajua, mvua haipiti njia, ina makazi.

Mama alitutoka wakati wa kuvuna shayiri. Hakuumwa sana. Nilimzika karibu na kisima, na tangu hapo kukitunza kisima ni kazi yangu. Masharti unayajua: ukungu hukifunika kilima hadi pwani maadamu binti wa ukoo wetu amekaa pale. Akiinuka, unaondoka.

Warumi walijenga boma bondeni. Wazee wakakata shauri watu wahamie kisiwa cha magharibi. Njia ya pwani inapita chini ya boma lile, kwa hiyo pasipo ukungu wangekamatwa wote.

Doka, yule mchumba wangu uliyekuwa ukimwita Masikio, alinijia na mzigo mgongoni.

“Velo, twende. Tutapita kwa mbio.”

“Na watoto? Na bibi yako?”

“Basi nami nabaki.”

“Ubaki ufanye nini? Wewe hata mbuzi hawakusikii, sembuse ukungu.”

Alicheka, kisha akalia. Akanivika joho lake, akawafuata wenzake.

Kisima hunong'ona majina ya wote kinaowafunika. Nilikaa nikisikiliza. Kadiri mashua zilivyotoka, majina yakapotea moja moja. La Doka lilikuwa la mwisho. Kisha kikabaki kunong'ona langu tu. Sikujua kuwa jina la mtu linaweza kuwa kimya namna ile.

Nikainuka. Ukungu ukatoweka, askari wakapanda. Mkubwa wao alikuwa Mgali, mtu wa kabila la ng'ambo ya bahari ambalo lugha yake inakaribiana na yetu, akizungumza lugha yetu kwa kuivunjavunja.

“Mama, watu wako wapi?”

“Wamekwenda kuchunga.”

“Wote?”

“Tuna ng'ombe wengi.”

Akayatazama mazizi matupu. “Haya, mchungaji. Mwanamke mmoja si vita,” akasema, akawaamuru wenzake wachome nyumba. Nyumba ulimozaliwa imeungua, mdogo wangu. Nimejenga kibanda kando ya kisima. Napika uji wa sufuria nzima, nakunywa kikombe kimoja. Mkono bado haujazoea.

Muuza chumvi amejitolea kunivusha machipuko yakifika. Anasema Doka hushinda ufukweni akitazama huku. Nimekataa, nikamwambia amwambie Doka aoe. Utumishi wako utakwisha siku moja, nawe utakuja hapa, kwa kuwa njia ya kwingine hukufundishwa. Sitaki ukute majivu peke yake.

Nisalimie mkeo, wifi yangu nisiyemjua, na umbusu mtoto. Ningekupa salamu za majirani kama desturi, lakini safari hii ni zangu tu. Nimezifanya nyingi ili zitoshe kijiji kizima.

Mama wa Maji akulinde, akurudishe ukiwa na miguu yako yote miwili.

Akupendaye na kukungoja,
dada yako Veloriga.