Baba na Rangi za Ziwani

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za moyo wangu wote. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi ya asubuhi kimekuachia upumue. Huku nyumbani hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujambo kabisa. Baba naye ni mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini unaijua nyumba yetu: ukinong'ona jikoni, unajibiwa sebuleni.

Kaka, Baba amenunua televisheni.

Najua utadhani nakutania. Mtu yule yule aliyekuwa akisema picha ni picha tu, na kwamba ile televisheni yetu ya zamani, yenye kona ya kijani, itamzika! Siku moja alirudi kutoka kwenye duka lake la kushonea, nyuma yake mkokoteni, na juu ya mkokoteni boksi refu kuliko Mama. Mama akauliza kama kuna mtu anahamia kwetu. Baba akajibu kwamba macho yake yamechoka, anataka kuona taarifa ya habari vizuri, basi.

Tukaiunganisha. Picha ilikuwa kubwa, lakini Baba alikaa mbele yake amekunja uso kama anakagua kola iliyopinda. Akasema rangi si zenyewe. Mimi niliona rangi tele. Akaniambia kwamba nyekundu zote pale ni nyekundu moja, wakati yeye dukani ana uzi mwekundu wa kila namna na hawezi kuuchanganya hata gizani. Kesho yake akamwita fundi.

Fundi mwenyewe ni mama mmoja mcheshi, anayeongea huku bisibisi iko mdomoni. Alichungulia nyuma ya meza, akatueleza kwamba televisheni ile inaweza kuonyesha rangi zenye kina, hata zile tofauti ndogondogo ambazo jicho linazihisi tu. Shida ilikuwa kisanduku chetu cha intaneti: ni cha zamani, kinaleta picha iliyokwishapunguzwa rangi. Baba akanunua kisanduku kipya. Tukakichomeka kwenye amplifaya, ile mashine ya spika inayopitisha picha kwenda kwenye televisheni, kama tulivyozoea, skrini ikawaka, ikazima, ikawa nyeusi tii. Mama akasema angalau ile ya kwanza ilikuwa na kona moja tu mbovu.

Fundi akarudi. Safari hii alicheka mpaka akaitoa bisibisi mdomoni. "Mzee wangu, hawa wawili wanaongea lugha mpya, halafu umewawekea mkalimani asiyeijua!" Amplifaya ndiyo ilikuwa kikwazo. Matundu yake ya HDMI ni ya kiwango cha zamani, hayapitishi picha nzito kiasi hicho. Akachomeka kisanduku moja kwa moja kwenye televisheni kwa waya mpya wa HDMI wenye uwezo mkubwa, na sauti akairudisha kwenye amplifaya kwa waya mwingine. Kisha akaingia kwenye mipangilio, maana hata televisheni yenyewe haikubali rangi zile mpaka uiruhusu. Baba alisimama nyuma yake, miwani puani, akiuliza kila kitu mara mbili.

Tulipokuwa tukila, Mama akamwuliza kama kweli yote haya ni kwa ajili ya taarifa ya habari. Baba akajifanya mdomo umejaa.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu ulipoacha duka ukashika kamera, hakuna anayekutaja mezani mbele ya Baba. Hujasahau alivyosema, kwamba mtu mwenye kamera shingoni anatafuta tu kisingizio cha kutofanya kazi. Kwa hiyo Jumamosi mchana, alipofunga mapazia na kuniita, sikutarajia nilichokisikia. Alinipa rimoti, akaangalia ukutani, akasema: "Nitafutie ile filamu ya ndege wa ziwani."

Filamu yako, Kaka.

Nikajikaza nisionekane nimeshtuka, nikamwuliza ameijuaje. Akasema alikusikia redioni ukihojiwa, akaamuru cherehani zote dukani zinyamaze. Ulisema uliwavizia ndege wale kwenye matope mwaka mzima ili uzipate rangi zao kamili, na kwamba anayetazama kwa vifaa vya zamani anaona nusu tu ya kazi. "Sasa nusu ya kazi ya mwanangu niione ya nini?" akaniuliza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha nusu ya pili.

Tukatazama. Mdiria, yule ndege mla samaki, alipojitosa majini, Baba akasogeza kiti karibu aguse kioo. Akasema buluu ile ameitafuta kwenye uzi maisha yake yote na hajaipata. Jina lako lilipotokea mwishoni, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena, halafu akaniambia nirudishe mwanzo. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia akaketi ubavuni pake bila kusema neno. Kwa Mama, unajua, hilo si jambo dogo.

Tangu hapo kila mteja anayekuja kupimwa suruali anasimuliwa habari za ndege. Lakini kukupigia hathubutu. Nimemkuta mara kadhaa ameshika simu, na akiniona anajifanya anatazama saa. Anaogopa hutapokea. Hajui kwamba ninakuandikia, na tafadhali asijue.

Basi mpigie wewe, Kaka. Usianze na mambo yaliyopita, wala filamu usiitaje. Mwulize tu habari za waya wa HDMI. Atakueleza mpaka simu inakaribia kuisha chaji, na kabla haijazimika atakuwa ameshakuuliza unakuja lini.

Mama anakusalimu sana na anasema ule, hata kama chakula chenyewe umekipika wewe. Nami nakukumbatia kutoka huku mbali.

Mdogo wako akupendaye,
Kifungo