Fulana Yenye Sura Yangu

Baltimore, Jumanne

Shangazi Earline,

Usiwe na wasiwasi, sasa nakula, ingawa uji wa mahindi wa hospitali hii ungeumwaga. Bwana Lamont, ambaye kazi yake ni kukaa na sisi vijana tuliopigwa risasi, huniletea kuku wa kukaanga kwa siri.

Jana washkaji walikuja wamevaa fulana za msiba zenye sura yangu, nimewekewa mabawa. Walisikia nimekufa, wakawahi kuzichapisha. Tulicheka mpaka nyuzi za kidonda zikaniuma. Kisha Marquell akasema, "Haya marehemu, tutajie jina tu. Mengine tuachie."

Nikasema sikumwona mtu.

Walipoondoka, Bwana Lamont akaniuliza taratibu, "Ulimwona, siyo?" Nikageukia ukutani.

Nasikia mwanao Rodell amerudi kwako ghafla, na fulana yangu haivui hata akilala. Mlishe, Shangazi. Mwambie sijamtaja, wala sitamtaja. Ila mwombe aivue, maana kila nikifumba macho namwona ameivaa, na bado amenielekezea bastola.

Ni mimi, mzima bado,
Kelvon