Skola Anacheza Korongoni

Mama Skola wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, huku kambini Kilombero, na masizi ya miwa iliyochomwa bado yako kwenye kucha. Nimeoga, lakini unajua hayatoki. Mkono huu ndio ulioshika panga tangu alfajiri, kwa hiyo ukiona herufi zinalala usidhani nimelewa. Shule niliiacha darasa la tano, na hata wakati ule mwandiko wangu ulikuwa wa kumwonea huruma mwalimu. Barua hii siifungi. Anayetaka kuisoma aisome. Hapa kambini kila mtu ana mtu wake aliyeondoka kabla hajamwambia jambo.

Jambo langu ni la Skola na mpira.

Unaukumbuka ule uwanja wa kijijini kwenu, kule Matombo, ulioinamia bondeni kama sinia mtu anapomwaga uchafu wa mchele. Mimi mtu wa Kasulu niliyekuja kubeba mawe ya ujenzi misheni, siku ya kwanza nilipouona nilicheka. Nikakuuliza hawa watoto wanachezaje mahali hapa, ukanijibu, "Kama tunavyolima. Tunashikilia." Mpira ukitoka upande wa chini ulikuwa unaingia korongoni, na ukiingia korongoni unaishia mtoni. Aliyeupiga alilazimika kuufuata, na akirudi anakuta wenzake wameshaitwa nyumbani kula. Ndipo watoto wakatunga namba ambayo sijaiona kwingine kokote. Wakawa wanamweka mtu mmoja ukingoni. Hana timu. Kazi yake ni kuuzuia mpira usitumbukie, kisha anamrudishia aliyeupoteza.

Skola alianzia hapo kwa sababu shamba lako la maharage lilikuwa hapo hapo chini ya ukingo, na ulikuwa hutaki akae mbali na macho yako. Alikuwa mdogo, tena binti, na wakubwa walimwambia tu, "Wewe kaa korongoni." Akakaa. Akakua yuko korongoni. Na wewe umeinama na jembe, mpira ukikaribia unapaza sauti hadi misheni wanasikia: "Skola! Huo ukiingia kwenye maharage yangu, naupika nayo!" Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Mpira haukuingia. Mara chache sana uliingia, na hukuupika.

Mimi nilikuwa nataka afunge magoli. Nilikuwa nakaa juu, penye kivuli cha ukuta wa shule, nikirudi likizo kutoka kwenye miwa, nalalamika kwamba mtoto wangu anafanywa uzio. Ukaniambia, "Wewe Baba Skola unaangalia mpira. Mwangalie mtoto." Nikamwangalia. Nikaona tu mtoto amesimama. Ukaniambia haangalii mpira, anaangalia miguu ya anayepiga. Nikakubali ili yaishe, maana ulikuwa umechoka na mimi nilikuwa nimechoka, na watu wawili waliochoka hawabishani vizuri.

Halafu ukaugua. Ile siku uliyonishika mkono na kusema, "Miwa iishie kwako, Baba Skola. Mtoto asiiguse," nilikubali pia. Kukubali ni rahisi mtu akiwa amelala namna ile. Ulipoondoka nikabaki na neno hilo, na sikuwa na pa kuliweka. Skola alimaliza kidato cha nne, alama zake zikatosha chuo, lakini mimi na kaka yako Mjomba Kalisti tukiitikisa mifuko yetu kwa pamoja, kilichotoka hakikufika hata nusu ya ada. Mwishowe nikampelekea nyapara jina lake. Kuna kundi la wanawake wanaopalilia. Nyapara akasema aje Jumatatu. Nakwambia ilivyokuwa, sikufichi.

Wiki ile ile Mjomba akapata habari kwamba chuo kimoja pale Morogoro mjini kinatafuta wasichana wa timu yao. Watakaochaguliwa watasomeshwa na kupewa kitanda. Majaribio ni Jumamosi. Nikamwomba nyapara ruhusa, akanipa kwa kununa, nikapanda basi hadi Msamvu. Nikawakuta wameshashuka kutoka mlimani na lori la ndizi, Skola ana vumbi hadi kwenye kope, Mjomba amevaa koti lake la Pasaka. Unajua kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kauli yake aliianza hapo hapo stendi: "Wewe ukiulizwa, sema winga. Una mbio."

Nikasema, "Aseme namba tisa. Wafungaji ndio wanaochukuliwa."

"Shemeji, wewe mpira wa Kasulu unauleta Morogoro?"

Skola aliendelea na kitumbua chake. Ana mdomo wako ule, wa kufunga kabisa.

Uwanja wa chuo ni wa tambarare, Mama Skola. Umelala kama meza. Milima yenu iko pale nyuma, imefunikwa na wingu, na nikaona mtoto anaiangalia mara kwa mara kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wasichana walikuwa wengi, wa mjini, wa Gairo, na wengine wametoka Dodoma kabisa, wana viatu vizuri. Kocha ni mama mmoja wa makamo, Kocha Mwajuma, mfupi, ana filimbi na goti bovu. Anawapanga mstari, kila mmoja anataja namba yake: mabeki huku, viungo pale, washambuliaji kule. Ikafika zamu ya Skola.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Namba ngapi?"

"Korongoni."

"Korongoni ndiyo wapi?"

Skola akaigeukia milima. Nyuma yake binti mmoja akasema, "Jamani, huyu kashuka mlimani na korongo lake!" Wakacheka wote. Mjomba akasimama na koti lake, akaita, "Winga huyo! Saba! Andika saba!"

Kocha akamgeukia. "Baba, na wewe umekuja kwenye majaribio? Kama umekuja, vua koti."

Basi wakacheka zaidi, na mimi nikatazama chini. Lakini saba ndiyo waliyompa. Wakamvika kizibao cha njano, wapinzani wakavaa kijani, wakampeleka pembeni upande wa kulia.

Nikuambie nilichokiona, maana hukuwepo. Hakuna mpira uliotoka upande ule. Hata mmoja. Kila uliokuja alikuwa ameshafika kabla yake, anaukanyaga, umetulia. Mjomba akanibana mbavu kwa kiwiko. Halafu mtoto wetu akainua macho, akamtafuta binti wa kijani aliyeupoteza ule mpira, akampa. Polepole, mguuni kabisa, kama anayemrudishia jirani sufuria yake. Binti wa kijani akashangaa, akakimbia nao. Watu wakapiga kelele. Dakika haikupita akarudia tena. Mara ya tatu wale wa kijani wakafunga goli.

Filimbi.

"Skola! Wewe uko timu gani?"

Akajiangalia kifuani. "Njano, kocha."

"Sasa mbona mpira unawapa kijani?"

"Walikuwa wameupoteza wao, kocha."

Hawakucheka hata wale wa mjini, nadhani walifikiri mtoto ana tatizo. Kocha akamtoa, akamwambia akae. Akakaa peke yake kwenye majani, ameshika magoti. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafika Jumatatu. Nilikuwa nawaza buti zangu za zamani kama zitamtosha akizijaza vitambaa. Nilikuwa nawaza atalala upande gani wa kambi, mbali na wale walevi. Nilikuwa nawaza nitakuja kaburini nikwambie nini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa hata na huzuni, nilikuwa tu natafuta pa kukalia.

Wakati wa kunywa maji Kocha Mwajuma akaja kwetu akiburuza goti lake. Akasema, "Wazee wangu, huyu mtoto amechezea wapi?"

Nikaanza kumweleza, maneno hayakukaa sawa. Mjomba akanipokea. Akalaza mkono wake hivi kuonyesha mteremko, akaonyesha kanisa, akaonyesha ukingo, akaonyesha mtoni, akamweleza wewe na jembe lako, akaiga na sauti yako: "Naupika nayo!" Niligeuka pembeni kidogo. Anaiiga vizuri mno.

Kocha hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo miaka yote alikuwa anawachezea wote?"

"Wote," Mjomba akasema. "Hana adui pale."

"Kazi ipo," Kocha akasema, akaenda. Akamwita Skola, akamsimamisha katikati ya uwanja, mbele ya mabeki. Aliongea kwa sauti, tulisikia.

"Sikiliza, binti yangu. Hapa hakuna korongo pembeni. Korongo liko nyuma yako. Unawaona wale mabeki wawili? Hayo ndiyo maharage ya mama yako. Mpira usiwafikie. Umeelewa?"

"Nimeelewa, kocha."

"Na ukiupata, mpe mwenye njano. Wa kijani hata akilia, usimpe."

Skola akafikiri. Nikamwona anafikiri. "Na kama wameupoteza wao?"

"Wameupoteza. Ndiyo hivyo."

Mama Skola, mpira haukupita. Sina namna nyingine ya kukueleza. Walijaribu kulia, walijaribu kushoto, wale mabinti wa mjini wenye chenga zao, na kila wakifika katikati wanamkuta ameshasimama pale wanapotaka kwenda, anaangalia miguu yao. Ndipo nikakuelewa. Nilikaa miaka yote chini ya ule ukuta wa shule nikitazama, na nimeelewa wewe hupo.

Kulikuwa na mpira mmoja ambao sitausahau. Alimpokonya binti mrefu wa kijani, akautuliza, akainua macho, akamwangalia yule binti. Mguu ukataka kwenda. Kocha akawa amebana filimbi kwa meno. Skola akasema, kwa sauti, uwanja mzima ukasikia, "Samahani, dada," kisha akageuka akampa wa njano. Yule binti mrefu akashika kiuno akacheka, na Kocha Mwajuma akacheka hadi akashika goti. Mjomba naye akacheka na machozi.

Majina yalisomwa jioni. Lake likaja katikati: "Skolastika, namba sita." Kocha alipopita kwetu akasema, "Nimemchukua. Ila mwaka wa kwanza wote nitakuwa namfundisha kuchagua upande."

Nilifurahi. Nakwambia nilifurahi, na papo hapo neno lile la kuchagua upande likaniingia kama kibanzi cha muwa kwenye kiganja. Kwa sababu ile tabia hakuitoa kwangu. Mimi nilipokuja kwenu, mgeni asiye na shamba wala ukoo, kaka zako walisema hili, mimi nikasema lile, na wewe ulisimama ukingoni miaka yote, kila mmoja unamrudishia chake. Hukuwahi kuwa na timu. Sasa kuna mtu analipwa mshahara kumwondolea mtoto kile ulichompa. Najua ni lazima. Atakula kwa hiyo, atasoma kwa hiyo. Lakini nimeona nikuambie kwamba kinatolewa, usije ukasikia kwa wengine.

Skola alibaki chuoni na begi lake. Mimi na Mjomba tulipanda kesho yake hadi kijijini kukupa habari. Tulisimama pale kaburini, Mjomba akaongea sana, mimi nikang'oa majani. Kisha nikateremka hadi uwanjani. Watoto walikuwa wanacheza. Korongoni hapakuwa na mtu. Mpira ukatoka, ukanipita, miguu yangu haikusogea, ukaingia moja kwa moja pale palipokuwa na maharage yako. Siku hizi ni magugu tu. Watoto wakasimama, wakawa wananitazama mimi, na mimi nikawa nasubiri mtu apaze sauti.

Mwishowe nikapaza mimi. "Huo naupika!"

Sauti ilitoka mbaya, imekauka na moshi. Wadogo hawakuelewa. Lakini binti mmoja mkubwa kidogo, aliyewahi kucheza na Skola, akaziba mdomo kwa mkono, akateremka mbio kwenye magugu kuufuata.

Nimerudi kambini jana. Nyapara aliniuliza binti yangu yuko wapi, mbona hajaja Jumatatu. Nikamwambia haji. Akaniuliza haji leo au haji kabisa. Nikamwambia kabisa. Akalifuta jina, akaenda zake.

Sasa hivi wanachoma shamba la upande wa mto, naona moshi kutoka hapa nilipokaa. Kesho tutaingia humo. Mgongo wangu unajua, na mimi najua. Lakini kwenye mstari wa wapaliliaji hayupo wa kwako, Mama Skola. Imeishia kwangu.

Pumzika. Mimi nitapumzika nikipata nafasi.

Mume wako,
Baba Skola