Nyekundu au Manjano, Baba Neema?

Baba Neema,

Sijui nianze kwa kulia au kwa kukugombeza. Nimechanganyikiwa.

Tangu tukurudishe Lubumbashi kukuzika, mimi na mtoto tumekuja tena kukaa chumba kile kile cha chini hapa Kangle, huku Uchina. Mashine za kushona bado zinanguruma ukuta wa pili. Redio yako ya tahadhari za hali ya hewa iko dirishani ulipoiweka. Betri nabadilisha, na mkoba wa tochi na pasipoti uko mlangoni. Yote kama ulivyotaka.

Jana mchana ikapiga kelele. Tufani. Neema akanishika kitenge. Nikatega sikio: mtangazaji anasema hongse au huangse? Nyekundu au manjano? Ulinifundisha kwamba manjano tunafunga madirisha tu, nyekundu tunatoka huku chini kabla maji hayajaingia. Lakini maneno yenyewe ni Kulwa na Doto! Simu nayo imejaa maandishi yao. Nikafunga madirisha, nikafungua. Nikambeba mtoto, nikamshusha. Nilikuita kwa sauti, Baba Neema, mbele yake. Ningemwita nani mwingine?

Maana wewe ulikuwa unasikiliza, unakunja uso kama profesa, unatoka “kunyoosha miguu”, unarudi: “Ni jaune tu, chérie, tulia.” Na kweli inakuwa manjano. Hukukosea hata mara moja.

Mwishowe nikapanda kwa mama mwenye nyumba, mtoto mgongoni, redio mkononi inalia. Wala hakushangaa. Akasikiliza, akanionyesha kitambaa chekundu, akatuvuta ndani. Maji yalipoingia chumbani kwetu, sisi tulikuwa juu tunakunywa chai yake. Ndipo akaniambia, kwa ishara na kile Kichina cha sokoni ninachokiokota, kwamba mume wangu naye alikuwa anapanda kuuliza. Kila mara.

Kila mara! Miaka yote hiyo nalala usingizi nikijua mwanaume wangu anasikia Kichina. Nimecheka mpaka nikalia. Ulinificha kwa nini? Uliona aibu, mbele yangu mimi mkeo? Au ulitaka tu nisiogope? Sielewi, na huwezi kunijibu. Hilo ndilo linaniuma.

Pumzika, mume wangu. Mtoto nitamlinda, nakuahidi. Na siku akiniuliza redio inasema nini, nitamwambia sijui, twende tukaulize pamoja.

Mama Neema wako