Ngoma ya Farida Ndani ya Simu Yangu

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Asubuhi ya baridi. Upepo wa kusi, mawingu mepesi, mvua hakuna. Nimekaa na sweta mpaka saa tatu.

Ngoma ya kumfunda Farida kabla ya ndoa jana imekwenda vizuri, alhamdulillahi. Wanawake watupu, madirisha yamezibwa kwa khanga. Kungwi wetu, Bi Hadija, alikaa mlangoni na beseni — kila anayeingia anaacha simu humo. "Simu ina mdomo kuliko wifi," anasema. Watu wanacheka huku wanatoa. Yangu tu ndiyo iliyoruhusiwa kuingia, nimrekodie Mariamu, mke wa marehemu kaka yangu na mama mzazi wa Farida. Yuko Ziwani kitandani, mguu umefungwa plasta. Nikaapa: Mariamu ataiona video, kisha nitaifuta mbele ya Bi Hadija.

Na Farida alicheza! Kichwa wazi, khanga moja, kiuno kama hakina mfupa. Mambo ya ndani. Yabaki ndani.

Leo Upendo kaja kuazima mbuzi ya nazi. Ni jirani yangu hapa Likombe, mwalimu wa kompyuta. Kaniona nafungua simu, kaniuliza kama namba ya siri bado ni mwaka aliozaliwa Zuberi. Nikasema ndiyo, kwani si mwanangu? Akashika kichwa. "Mama Zuberi! Mji mzima unatembea na ufunguo wako mdomoni!"

Akaacha nazi, akakaa kitako. Tumeweka namba mpya, isiyo ya mtu wala ya mwaka. Ujumbe hausomeki tena simu ikiwa imefungwa. Paswedi ya akaunti nimeihamishia kabatini — ilikuwa kwenye kikaratasi ndani ya kava la simu yenyewe! Kisha tukajaribu kuitafuta simu yangu kwa kutumia yake. Ikalia chini ya mto. Tulicheka kama watoto.

Kitu kimoja nilikataa. Alitaka picha na video zijihifadhi zenyewe mtandaoni, ili simu ikipotea zisipotee nayo. Nikamwambia ngoma ya ndani haipandi hewani, nimeapa. Akaiacha kama ilivyo. Mtu wa Mbeya, si wa pwani, lakini alielewa.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Wingu asubuhi, jua baadaye.

Simu imeporwa!

Ni Chikongola, nje ya duka la udi. Nilikuwa njiani kwenda Ziwani. Mariamu akatuma ujumbe: wifi, njoo na ndimu. Nikasimama kumjibu — pikipiki, watu wawili, mkono mmoja, basi. Sikuanguka, sikuumia. Nashukuru sana kwa hilo. Lakini kioo kilikuwa bado wazi au kilikuwa kimeshajifunga? Najiuliza mpaka sasa. Sikumbuki! Kama kilikuwa wazi, kuna wanaume wanamtazama Farida wakati huu. Ndoa ni Ijumaa. Video ikiingia kwenye makundi ya mji kabla ya hapo — sitaki hata kuandika.

Nilikimbilia kwa Upendo. Alikuwa ametoka kanisani, viatu hajavua. Nikatoa paswedi kabatini, tukaingia kwenye akaunti. Mara ya mwisho simu ilionekana palepale Chikongola, kisha ikazimwa. Akaiagiza ijifunge. Halafu akanionyesha sehemu nyingine: kufuta kila kitu. Alieleza polepole, kama kwa wanafunzi wake. Ukibonyeza hapa, ikiwashwa na kupata mtandao, inajifuta. Hakirudi kitu. Laini tusiifunge kwanza, amri isije ikakosa njia.

Kidole kikawa kizito. Nakala nyingine hakuna, nilikataa mwenyewe. Na Mariamu hajaona hata dakika moja.

Nikampigia kwa simu ya Upendo. Nilikuwa najikanyaga maneno. Akanikata: nimeumia? Sijaumia. "Basi futa."

Nikamwambia hataiona tena.

"Nimemzaa mimi, kiuno kile nakijua. Futa, wifi. Nisije nikaonyeshwa na watu."

Hakunilaumu hata neno. Na ndimu zake bado ninazo mkobani.

Nikabonyeza. Imeandika: Inasubiri.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Upepo, vumbi jingi.

Polisi wameandika ripoti ya upotevu bila kunizungusha. Mungu awape kheri. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Hadija, nimwambie kabla hajasikia kwa mwingine. Alikuwa anamenya mihogo. Akaweka kisu chini. Akasema ndiyo maana yeye ana beseni. Ningeiacha humo ingekuwa salama kuliko mkononi mwangu. Nikainamisha kichwa. Nilidhani atanifukuza. Akanisukumia kisu cha pili.

"Menya."

Tukamenya. Sijui kama nimewahi kupewa kazi nikaishukuru vile.

Farida akaitwa. Alisikiliza yote, macho kwenye mkeka. Kisha: "Shangazi, lakini nilicheza vizuri?"

Bi Hadija alicheka mpaka akakohoa. "Mjinga wewe! Ningekuacha utoke hujui?"

Farida naye akacheka. Akasema atamwambia Mohamedi mwenyewe, leo leo. Kama ni kusikia, mchumba wake asikie kwake. Nikamwambia asubiri, pengine simu itajifuta na hatajua mtu. Akatikisa kichwa. Bi Hadija hakumzuia. Alisema kesho asubuhi twende Ziwani sote watatu, tufunge mlango, Farida acheze pembeni ya kitanda. Mama yake aone kwa macho yake, mtandao wa nini? Nikalia kidogo. Raha.

Upendo kaniachia simu yake usiku huu, niwe naangalia. Yeye anasema haihitaji, nami najua anaihitaji. Farida kapiga humo baada ya isha. Amemwambia Mohamedi. Nikamuuliza amesemaje. Mohamedi amesema tu kesho jioni atakuja na mjomba wake. Hakusema wanakuja kwa heri au kwa shari, na Farida hakumuuliza.



"Shangazi," akasema, "asubuhi Ziwani tunakwenda, hatuendi?"

Nikamwambia tunakwenda.

"Haya. Khanga nimeshapiga pasi."

Nimetazama tena sasa hivi. Inasubiri. Nalala, saa tano na dakika kumi.