Usinitumie Figo ya Pili

Sebuleni, juu ya saluni,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Pokea salamu zangu na za wote waliojazana hapa sebuleni wakijifanya hawasomi ninachoandika. Hujambo? Wifi hajambo? Binti yenu bado anawanyima usingizi? Lile kovu haliwashi siku hizi za baridi? Jibu kila swali, usinipe lile "niko poa" lako.

Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo. Shemeji yako ameanza kupika, nasi tunakula kwa uvumilivu. Mimi nimerudi kusuka, barakoa usoni, wateja wachache tena kwa miadi. Dawa za figo zimeniotesha ndevu tatu kidevuni, na mteja mmoja aliyeziona niliposhusha barakoa ameniuliza napaka mafuta gani.

Sasa nije kwako. Mama ameniambia yote. Mama mdogo alikupigia simu akakwambia nimelazwa kwa sababu figo uliyonipa ilikuja na ugonjwa. Ukampigia Mama unalia, ukamwambia madaktari wajiandae, utanipa na ya pili. Tangu hapo simu zangu hupokei. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mbishi, ukinipa ya pili wewe utabaki na nini? Nilicheka wodini mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Kisha nikalia, maana najua hukuwa unatania.

Sitakudanganya. Ni kweli kirusi kilitoka kwako. Ni kirusi ambacho watu wengi hukipata utotoni, wengine wasijue kabisa, kisha kinalala mwilini maisha yote. Wewe ulikuwa nacho, mimi sikuwa nacho, kikahamia kwangu pamoja na figo. Zile dawa zinazouzuia mwili wangu usiikatae figo zinaulegeza pia usipigane na maradhi. Miezi ya mwanzo nilipewa vidonge vya kukizuia. Nilipovimaliza, kikaamka, nikashikwa na homa na kuharisha mpaka nikashindwa kusimama.

Lakini daktari aliliona hilo kwenye vipimo mapema, akatueleza kabla ya upasuaji. Nilielewa, nikasema tuendelee. Nawe ulikuwa umekaa palepale, ila ulikuwa na shughuli ya kumuuliza muuguzi kama kovu litaonekana ukivaa kaptula ya kuogelea! Hukunificha kitu, wala hukunipa kitu kibovu. Ulinipa figo yako jinsi ilivyo, na mimi niliipokea hivyohivyo kwa hiari yangu.

Na kuna jambo Mama mdogo hakukwambia, kwa kuwa hakuuliza. Unakumbuka walipolinganisha tishu zetu tukaambiwa zinafanana kote, utadhani tulizaliwa pacha? Basi hilo ndilo limeniokoa safari hii. Ili mwili upate nguvu ya kupigana na kirusi, ilibidi daktari apunguze zile dawa za kuilinda figo. Kwa mtu ambaye tishu zake hazifanani sana na za aliyempa, kupunguza hivyo kuna hatari kubwa zaidi. Mwili unaweza kuigeukia figo na kuishambulia. Kwangu alithubutu, kwa sababu mwili wangu hauioni figo yako kuwa mgeni sana. Akanitundikia na dawa ya kukiua kirusi, na kipimo cha juzi kinaonyesha kimepungua mno. Kwa hiyo ukitaka kujilaumu kwa kirusi, jipongeze na kwa hilo.

Figo yenyewe imeumia kidogo. Haichuji kama zamani, na daktari hakunipa ahadi ya miaka. Naogopa, sikufichi. Kuna asubuhi naamka naishika tumboni, nakaa hivyo kidogo kabla sijainuka kitandani. Woga huo naumudu. Kinachonishinda ni wewe kunikimbia kana kwamba umeniua.

Ikichoka siku moja, nitarudi kwenye mashine ya kusafisha damu nipange foleni na wenzangu. Hiyo iliyobaki ni yako na ya binti yako, anayehitaji baba mzima. Nakukataza kuitaja tena, na mimi ndiye mkubwa.

Msalimie sana wifi, umbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Mama anasema ule vizuri. Mama mdogo naye anakusalimu, kwa sauti ya chini safari hii. Mungu akulinde, akurudishie na usingizi uliopotea kwa ajili yangu.

Jumamosi jioni nitapiga. Pokea, hata kama huna la kusema, tulie pamoja mpaka salio liishe.

Akupendaye, figo ikiwepo na isipokuwepo,
Dada yako